Uji wa Mke Mwenza

Dada yangu alipoanza kuvimba tumbo upande wa kulia, mimi mshukiwa wangu nilikuwa naye tayari: mke mwenzake wa Buguruni. Kila asubuhi aliingia kwetu Kariakoo na chupa ya chai iliyojaa uji mtamu. Miaka ile sukari ilikuwa ya foleni. Mtu anayesimama juani ili amtilie mke mwenzake sukari, mimi namwogopa.

Kwetu anayeleta chakula huonja kwanza, kutoa sumu. Wengi huonja kwa adabu tu, kijiko kimoja yakaisha. Yule nilimsimamia.

"Koroga, dada, uonje na wa chini."

Alionja huku ananitazama. Dada yangu alinikemea kutoka kitandani, "Hebu mwache mwenzangu!" Nikazidi kushuku. Kikulacho ki nguoni mwako, nilijisemea, na huyu ameshamlisha kitu mpaka anamtetea.

Macho ya dada yalipogeuka manjano tulimpeleka hospitali, sisi wawili, maana shemeji alikuwa safarini na lori lake. Baada ya vipimo daktari akatuita pembeni. Ni saratani ya ini, alisema. Halafu akauliza kama mgonjwa alikuwa anameza vidonge vya kuzuia mimba.

"Hapana," nilidakia. Shemeji alikuwa akililia watoto mtaa mzima ukasikia.

"Ndiyo," alisema mke mwenza. "Miaka mingi."

Yeye amejuaje? Nikaona mwizi amejitaja mwenyewe.

Daktari alieleza kwamba vidonge vile vina homoni za kike, na madaktari wa ng'ambo wameanza kushuku kuwa huenda vinaotesha uvimbe kwenye ini kwa baadhi ya wanawake. Huenda, alirudia. Nilimwuliza, na hao wanaume waliojaa wodini, nao walimeza? Akakiri kwamba saratani hii huwapata wanaume zaidi, na kuna wanaozishuku hata homoni zao za kiume, na homa ya ini, na karanga zenye ukungu. Kwa dada yangu hakuweza kusema ni kipi. Nilikasirika. Nilitaka mtu mmoja wa kumlaumu, yeye ananipa orodha.

Dada alilazwa, sisi wawili tukarudi kwa miguu kupitia Mnazi Mmoja. Sikungoja tufike nyumbani.

"Vidonge ulimpa wewe?"

Alifungua pindo la khanga akatoa pakiti, nusu imeshatumika.

"Tulikuwa tunaenda kuvichukua pamoja. Shemeji yako alitaka tushindane kuzaa, atakayeshindwa arudi kwao. Tukakubaliana mtu asimzidi mwenzake." Akaiviringisha pakiti mkononi. "Dada yako siku ya kwanza aliogopa kumeza. Nikaonja mimi kwanza."

Watu walikuwa wanatupita na vikapu vyao. Alijishika ubavu wa kulia, chini ya mbavu, akabonyeza kama daktari alivyombonyeza dada.

"Sasa na mimi je, mdogo wangu?"

Niliona haya, na kwa mara ya kwanza niliogopa kwa ajili yake.

Kesho yake alikuja wodini na chupa yake. Akammiminia dada uji, akachukua kijiko aonje kama nilivyomzoeza. Nilimshika mkono asionje.