Jiwe Nililolivua Karatasi

Nyie chekeni tu, maana Mpanda ilishacheka, na hadi leo nikipita kijiwe cha bodaboda pale Kashaulili kuna kijana mmoja akiniona anashika usukani wa pikipiki yake na kutetemeka mwili mzima kama ana malaria, wenzake hoi kwa kicheko. Aibu hii ni yangu, niliitafuta mwenyewe, na sina wa kumlaumu.

Mimi ni fundi wa kunoa. Majembe, mapanga, visu vya buchani, vyote vinapita kwangu. Na nina ugonjwa mmoja: siwezi kuona kitu kipya kimevaa nailoni nikakiacha. Mke wangu Yustina ni kinyume changu (sofa letu lina nailoni yake ya dukani mpaka leo, wakati wa joto ukiinuka linakung'ang'ania mapaja), na kila siku namwambia, "Mke wangu, kitu kikishanunuliwa kivuliwe, kifanye kazi!" Hayo maneno yashikeni.

Basi mvua zilikuwa zimekaribia, Yustina akaniambia mama yake anakuja kutoka Kabungu na akina mama wa kikundi chao cha kilimo, wanataka kunoa majembe, na wakiridhika nitakuwa fundi wa kikundi kizima. Mama mkwe wangu hajawahi kunikubali, tangu siku ya posa anasema binti yake kaolewa na mkwaruza vyuma. Nikasema hii ndiyo nafasi yangu, nikaenda kununua jiwe jipya la mashine.

Jiwe zuri kweli, ila limebandikwa karatasi ya mviringo huku na huku, na ndani ya tundu lake kuna kipete cha plastiki. Sasa nani ananoa kwa karatasi? Nikazikwangua kwa kisu, plastiki nikaing'oa, jiwe nikalivika kwenye shafti ya mashine, katikati ya sahani zake mbili za chuma. Likapwaya kidogo (kidogo tu, jamani!), nikakaza nati mpaka spana ikalia.

Wageni wakafika. Mama mkwe akasimama mbali, kitenge begani, uso ameupeleka kando, maana kwao mkwe na mama mkwe hawasogeleani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mkwe. Haya, tuione hiyo mashine tunayosifiwa."

Nikawasha. Ikanguruma, ikaanza kutikisika, meza nayo ikatikisika, misumari ikaruka kwenye kopo, bati la kibanda likaitikia. Mtu mwenye akili angezima. Lakini nizime mbele ya mama mkwe? Nikatoa sauti ya kitaalamu, "Msiogope, jiwe jipya hilo, linatafuta kukaa." Hapo meza ikaanza kutembea. Meza ya mninga, iliyonitoa jasho siku ya kuiingiza, ikawa inaelekea barabarani kwa miguu yake!

"Jamani nishikieni meza!" nikapayuka. Wale akina mama wana roho nzuri, wakaacha majembe wakaikandamiza, ila kona moja ikabaki wazi, na mimi (Mungu anisamehe) nikamwambia mama mkwe, "Mama, na wewe shika hapo!"

Akashika. Yeye na mimi, ana kwa ana, meza moja, mashavu yanacheza, na kilemba chake kinashuka taratibu mpaka kikamfunika macho, na hawezi kukirudisha kwa sababu akiachia meza inaondoka. Bajaji zikasimama. Dereva mmoja akapaza sauti, "Oya, hapo kuna maombezi?"

"M-m-mkwe," mama mkwe akasema, sauti ikitoka vipandevipande, "z-zima hi-hiki ki-kitu!"

Swichi iko ukutani nyuma yangu. Nikaachia meza niifuate, meza ikainama, mashine ikachomoa waya wake wenyewe na kutumbukia kwenye ndoo ya maji ya kupozea vyuma, na maji yote yakaishia kwenye kitenge cha mama mkwe.

Akapandisha kilemba, akaniangalia machoni kwa mara ya kwanza tangu nimuoe binti yake. "Kumbe ndivyo unavyonoa." Wakakusanya majembe yao, wakavuka barabara kwa fundi mwingine. Niliumia, sitaki kudanganya.

Yule aliyeniuzia jiwe, ambaye duka lake liko jirani, akaja mbio kushangaa. "Karatasi zake ziko wapi? Na kile kipete?" Nikamwonyesha takataka. "Ulidhani ni nguo? Kipete ndicho kinachoweka jiwe katikati, na hizo karatasi ndizo zinazofanya zile sahani za chuma zilibane sawasawa. Shukuru halikukupasukia usoni!"

Jioni nikakaa kwenye sofa, juu ya nailoni. Yustina akaipangusa ile nailoni vizuri kabisa, mbele yangu, polepole.

Sasa nina jiwe jingine. Nililifunga na karatasi zake na kipete chake, nikalizungusha kwanza kwa mkono, nilipowasha nikasimama pembeni, na limetulia kabisa. Nimeapa, kitu kipya sikivui tena kabla sijauliza.

Juzi mama mkwe kaleta jembe. Moja tu, jipya, limefungwa nailoni na kukazwa kwa uzi, pamoja na salamu kupitia kwa Yustina: "Mwambie mkwe hiyo nailoni asiitoe mpaka nije nisimame hapo mwenyewe."

Nimelitundika ukutani. Sijaligusa.