Kiatu cha Mguu wa Kulia

Mwaka jana nilimharibia mwanangu siku nzima kwa sababu ya kisigino.

Kila mwaka, wiki moja baada ya Idi, kina mama wa mtaa wetu hapa Rumonge hukodi basi na kuwapeleka watoto kwenye bustani ya michezo huko Bujumbura. Kuna bembea za minyororo, kigari cha reli kinachozunguka bwawa, mashua ya chuma inayoning'inia na kurushwa mbele na nyuma, na gurudumu kubwa linalowapandisha watu mpaka waone ziwa lote. Bustani ile ina sharti lake: mtoto aliye chini ya miaka kumi na miwili hapandi kitu bila mtu mzima wa kwake kusimama naye kwenye foleni. Kina mama wengi wana watoto watatu au wanne kila mmoja, hawana mkono wa ziada wa kumshika mtoto wa jirani.

Mwaka huo nilivaa makubazi ya rangi ya dhahabu, membamba kama chapati, kwa kuwa yalikwenda vizuri na dera langu. Saa tano asubuhi nilikuwa nimekaa kwenye benchi la saruji kando ya ukuta, na sikuinuka tena mpaka wakati wa basi. Mwanangu, kitinda mimba wangu, alikuwa na miaka minane. Alikaa kando yangu. Nilimwambia aende akawatazame wenzake. Akasema anawaona vizuri kutoka pale. Aliinywa juisi yake mpaka mrija ukaanza kulia, kisha akaendelea kuuvuta mrija mtupu.

Katika basi, wasichana wengine walisimulia mashua ya chuma kwa mikono na kelele. Yeye alitazama nje dirishani kutoka Gitaza hadi Magara, kana kwamba hajawahi kuona vichanja vya kuanikia ndagala, dagaa wa ziwa letu, maishani mwake. Hakulalamika. Angelalamika, ningekuwa na la kumjibu. Usiku ule nilimwambia, "Mwaka ujao sitakaa." Akasema, "Sawa, mama," kwa sauti ile ambayo watoto huitumia wanapotuhurumia.

Maumivu yangu yako katika kisigino cha kulia. Kwa miaka mingi nilifanyia kazi redio ndogo ya huku kwetu, na kila asubuhi nilishuka ufukweni kuuliza bei ya samaki, mukeke na ndagala, kisha nikapanda barabarani kutafuta habari nyingine. Nilitembea na viatu vyovyote vilivyokuwa mlangoni. Sasa nikiamka, hatua ya kwanza ni kama kukanyaga msumari, ya pili msumari huohuo, ya kumi inavumilika. Nikisimama muda mrefu, msumari unarudi. Muuguzi wa zahanati aliubonyeza mguu, akaniambia nitafute kiatu chenye soli nene, kinachoshika kisigino, kisichobana vidole, na nikakipime alasiri, mguu ukiwa umeshavimba. Niliandika yote manne katika daftari.

Mwaka huu, zilipobaki wiki tatu kabla ya safari, nilianza kuchunguza miguu ya watu. Hiyo ni tabia ya kazi, haijaniacha. Wanawake wanaobeba mabeseni ya samaki wanavaa viatu vya plastiki vyenye matundu, kwa sababu maji yanaingia na kutoka. Wabeba madumu ya mawese wanavaa raba zilizokatwa nyuma. Mwanamke mmoja anayetembeza ndizi tangu alfajiri alinionyesha kambambili zake, moja imeshonwa kwa waya. Nikamuuliza kama miguu haimuumi.

"Inauma," akasema. "Lakini mimi sina benchi."

Nililiandika na hilo, halafu nikalifuta.

Siku nne kabla ya safari nilikwenda sokoni, upande wa chaguwa, pale nguo na viatu vya mitumba vinapomwagwa juu ya turubai. Ilikuwa alasiri, kama nilivyoagizwa. Mchuuzi wangu ni kijana mchangamfu, mwenye ndevu chache anazozishika akitaja bei. Raba zilikuwa zimepangwa safu kwa safu, zimesuguliwa kwa sabuni, kamba zimeoshwa. Zote za kushoto.

Ndivyo wanavyouza hapa. Kiatu cha kushoto kinakaa juu ya turubai, cha kulia kinabaki ndani ya gunia nyumbani kwa mchuuzi, ili mwizi akinyakua asipate kitu cha kuvaa. Unapima cha kushoto, mnapatana, kisha anatumwa mtu kuleta mwenzake, au unafuata mwenyewe jioni. Nimenunua viatu hivyo tangu ujana wangu. Sikuwahi kuliona kuwa jambo la kufikiria, kwa sababu miaka yote hiyo miguu yangu miwili ilikuwa na habari moja.

"Mama, hii iko namba yako," alisema mchuuzi, akanipa raba nyeupe yenye soli nene kama mkate.

Niliivaa. Soli ilizama na kuinuka. Kisigino kilishikwa, vidole vilikaa kwa raha. Nilitembea mpaka kwa muuza vitunguu na kurudi, mguu mmoja ndani ya raba, mwingine ndani ya ndara.

"Unatembea kama mama mukwe kwenye harusi," akasema muuza vitunguu.

"Natembea kama mtu anayejua anachokitaka," nikamjibu.

Katika daftari nilitia alama ya vema mara nne. Jioni mwenzake wa kulia aliletwa nyumbani ndani ya mfuko wa plastiki, na kwa kuwa nilikuwa napika, niliuweka juu ya kabati. Nilimwonyesha mwanangu kiatu cha kushoto tu. Alikibonyeza soli kwa kidole gumba, akacheka.

Kesho yake nilivaa vyote viwili. Cha kushoto kilikuwa kilekile. Cha kulia kilinibana ubavuni na kunisukuma kisigino kwa nyuma, na nilipofika uani na kurudi, msumari ulikuwa umeamka. Nikalegeza kamba, nikatoa kamba kabisa, nikavua soksi. Haikusaidia. Mguu wa kulia ulikuwa umevimba na kupanuka kwa miaka ya kuumwa, na mimi mwenye daftari, mimi niliyeuliza miguu ya soko zima, nilikuwa nimepima mguu mzima na kumwacha mgonjwa ndani ya ndara.

Nilirudi sokoni na mfuko wangu. Mchuuzi alisikiliza mpaka mwisho, akashika ndevu.

"Mama, samahani sana. Ile namba kubwa zaidi sina. Na kiatu ikishatoka hairudi, unajua."

"Najua. Sikuja kurudisha. Nimekuja kukuuliza nitembeeje Jumapili."

Nikamweleza habari ya benchi. Sikukusudia. Nilianza na kisigino, nikajikuta nimefika kwenye mrija wa juisi. Akatazama turubai yake, kisha akasema, "Ngoja, nikuletee mayatima."

Sikuelewa mpaka alipolileta gunia dogo kutoka nyumbani kwake na kulimwaga miguuni pangu. Viatu vya kulia vitupu, labda kumi na viwili, kila kimoja cha aina yake. Ni wenzao wa vile vya kushoto vilivyoibwa juu ya turubai.

"Basi kumbe wanaiba hivyohivyo?" nikauliza.

"Wanaiba, mama. Mwizi ananyakua kwanza, kufikiri baadaye."

"Na wewe unaviweka vya nini?"

"Siku moja anaweza kurudisha," akasema, na wote wawili tukacheka, muuza vitunguu pia.

Safari hii nilikaa kitako na kupima mguu wa kulia peke yake. Cha tano kilikuwa cha kiume, cha kahawia, kipana, ukingo wake wa juu umelainika kwa kuvaliwa na mtu nisiyemjua. Mguu uliingia bila kusukumwa. Nikasimama, kushoto nyeupe, kulia yatima wa kahawia. Urefu wa soli ulilingana, nilihakikisha kwa kuziweka juu ya ubao wa muuza vitunguu. Nikatembea mpaka kwa wauza mawese, nikapita, nikafika barabarani, nikarudi. Msumari ulikuwapo, lakini umelala.

Mchuuzi alikataa kunitajia bei ya yatima. "Chukua, mama. Ukipata mwenzake njiani umukamate na mwizi."

Mwanangu aliviona nilipovivua mlangoni. Alisimama akavitazama kama anavyotazama hesabu ngumu.

"Utavaa hivi? Bujumbura?"

"Nikivaa hivi, natembea. Nikivaa yale ya dhahabu, unajua nakaa wapi."

"Watu watacheka, mama."

"Watacheka."

Sisi wa mtaa wa Waswahili tunajulikana kwa kuvaa. Mwanamke anaweza kukosa mboga, lakini hatoki na mtandio usiolingana na dera. Mtoto huyu amelelewa katika hilo, na ni mimi niliyemlea. Alikwenda uani, akakaa huko kitambo. Aliporudi alikuwa amebeba dera langu la kijani, lile linaloburuta chini.

"Vaa hili," akasema. "Linafunika."

Jumapili tuliondoka alfajiri. Jirani yangu, ambaye tumekua pamoja na hana siri wala adabu nami, alinisubiri nipande ngazi ya basi, akaliinua pindo la dera kwa ncha ya mwavuli.

"Shoga! Wewe na mume wako mlivalia viatu katika giza lilelile?"

"Kimoja chake, kimoja changu," nikasema. "Ndiyo maana tunaelewana." Basi zima lilicheka kabla hatujaondoka, na mwanangu akateremka kidogo kwenye kiti chake. Yeye alikuwa amevaa viatu vyake vya Idi, vyekundu, vinavyong'aa, vyenye kifungo cha dhahabu.

Tulipanda kigari cha reli. Tulipanda bembea za minyororo mara mbili. Nilisimama kwenye foleni ya mashua ya chuma muda mrefu kuliko nilivyokaa kanisani kwenye harusi ya rafiki yangu Mkristo, nikihamisha uzito kutoka mguu hadi mguu, na kisigino kikanivumilia. Mashua iliporushwa juu, upepo ukachukua dera. Msichana mmoja wa mjini aliyekaa mbele yetu akapiga kelele, "Angalia! Yule mama kavaa viatu viwili mbalimbali!"

Nilimtazama mwanangu. Alikuwa ameshika chuma kwa mikono yote miwili, macho yamemtoka, na sikujua kama ni mashua au aibu.

"Na wewe je, umevaa vya nani?" mwanangu akamjibu yule msichana, kwa sauti ya bibi yake mzaa baba. "Mbona vimekubana mpaka mudomo haufungi?"

Ilipofika saa tisa nilianza kuona jambo ambalo mtu mwingine asingeliona. Alikuwa ananitangulia hatua mbili, kisha moja, kisha tukawa sawa. Aliukanyagia mguu wa kushoto upande wa nje. Alipogeuka alizunguka mwili mzima, kama mtu anayegeuza mtumbwi. Mimi ni mtaalamu wa mwendo ule.

"Kaa," nikamwambia.

"Sijachoka."

"Sijasema umechoka. Nimesema kaa."

Benchi lilikuwa lilelile la saruji, kando ya ukuta. Nilivifungua vile vifungo vya dhahabu. Visigino vyote viwili vilikuwa vimechubuka, cha kushoto kimetoka damu na kushikana na soksi.

"Tangu lini?"

"Tangu kigari."

Tangu asubuhi. Alinyamaza saa zote hizo kwa sababu aliogopa tukikaa hatutainuka. Nikakumbuka jinsi nilivyovinunua vile viatu kabla ya Idi, mimi mwenyewe, peke yangu, yeye akiwa shuleni. Nilipima urefu wa cha kushoto kwa shubiri ya mkono, nikaangalia rangi, nikaangalia kifungo. Mtoto hakuulizwa, wala miguu yake.

Tulikaa. Nilimwosha kwa maji ya chupa, nikafunga kitambaa. Watu walipita. Gurudumu kubwa lilikuwa bado, na foleni yake ilikuwa ndefu.

"Mama, wewe bado unaweza?" akauliza.

Nilikisikiliza kisigino kwa uaminifu, kama ninavyosikiliza mtu ninayemhoji. "Kinauma, lakini kinatembea."

"Na mimi," akasema, akashuka kwenye benchi peku.

Nilibeba viatu vyekundu mkononi. Tulikwenda polepole, yeye akichagua vivuli, mimi nikichagua mahali pasipo kokoto, na kwenye foleni alisimama juu ya pindo la dera langu, kwa sababu saruji ilikuwa moto. Juu kabisa gurudumu lilisimama kidogo. Ziwa lilikuwa chini yetu, na milima ya Kongo ng'ambo. Yeye alitazama kusini, akauliza kama Rumonge inaonekana. Haikuonekana. Alisema anaiona.

Wiki iliyofuata tulikwenda sokoni wawili, alasiri. Nilimrudishia mchuuzi ile raba nyeupe ya kulia, nikaiweka katika gunia lake la mayatima, kwani huenda kuna mguu unaoingoja. Mwanangu alichagua viatu vya kitambaa, rangi ya majivu, visivyo na kifungo chochote. Akavaa cha kushoto, akatembea mpaka kwa muuza vitunguu na kurudi.

"Iko sawa?" akauliza mchuuzi.

"Sijui bado," akasema, akakaa juu ya gogo na kunyoosha mguu wa kulia. "Namungoja mwenzake."

Mchuuzi akanitazama mimi. Nami nikakaa kando ya mwanangu, tukangoja.