Kweli Mbili, Uongo Mmoja

Sijawahi kuipenda ile saa ya kujenga ushirika kanisani kwetu, na sitaanza leo. Ibada ya Kiswahili ikiisha, kabla wenye ukumbi hawajaja kudai funguo zao, sisi vijana wa huku ughaibuni hubaki kunywa chai na kula sambusa za kununua mtaa wa Kingsbury. Hilo tu lingetosha. Watu wakila pamoja wanaongea wenyewe. Lakini kiongozi wetu wa vijana, kaka wa benki mwenye suruali ya kubana, alikwenda semina wikiendi moja akarudi na michezo. Jumapili moja tulizungushiana karatasi za chooni mwilini, watu wazima na akili zetu, tena waliookoka. Upuuzi mtupu.

Jumapili ninayotaka kuisimulia, binti mmoja alinifuata jikoni nikimimina chai. Alikuwa amekuja kutoka Dodoma kusoma, mwezi wa pili huo tunaabudu naye, na katika hao wacheza michezo hakuna aliyejua anakaa wapi. Macho yalikuwa yamemvimba.

"Dada, nisaidie. Kuna jambo nataka kuwaambia wote."

Nikamuuliza jambo gani. Akasema akilisema mara mbili hataweza. Basi nikamfuata kiongozi, nikamwambia kuna binti ana jambo zito, ampe nafasi kwanza.

"Matangazo mwisho, dada yangu. Tukivunja ratiba, energy inashuka."

Energy. Nikaona hata kumjibu ni kumpa heshima asiyostahili.

Mchezo wenyewe ulikuwa huu: kila mtu aseme mambo matatu juu yake, mawili ya kweli na moja la uongo, wenzake wakisie uongo ni upi. Mmoja akadai amepanda Kilimanjaro. Mwingine akasema hali nyanya, na watu wakacheka mpaka wakafuta machozi, kisa nyanya. Zamu ikamfikia binti. Akasimama, ameshika kiti cha mbele yake.

"Mimi ni kitinda mimba, kwetu tumezaliwa sita. Nafanya usafi hospitali. Mama yangu amezikwa Alhamisi, nami sikuweza kwenda."

Hawakufikiri hata kidogo. "Hiyo ya mama, obviously," wakasema karibu wote kwa pamoja.

Na walikuwa na sababu, ndiyo maana nawadharau zaidi. Kwetu mtu akifiwa, kundi la WhatsApp linajaa pole, akina mama wanabeba sufuria, watu wanajazana kwake mpaka kwenye ngazi. Hawakupata ujumbe, basi kwao hakuna msiba. Hawakujiuliza ujumbe huo ungetumwa na nani. Dada mmoja, mwenye Biblia ya zipu, akamkanya kwa sauti ya upole kwamba hata kwa utani mama hatajwi hivyo.

Niliweka birika chini nikaanza kumwendea. Kiongozi alikuwa bado anatabasamu.

"Haya, tuambie sasa. Uongo ni upi?"

"Hiyo ya kuzaliwa sita," akasema. "Mama alinizaa mimi tu. Nilitaka kuwaomba mje mkae na mimi, hata leo jioni. Sina mtu wa kukaa naye msiba."