Mpangaji wa Taa za Angani

Juzi niliposhuka treni Miritini kwenda matangani kwa bibi yangu, kijana wa tuktuk alinionyesha simu yake hata kabla hatujapatana nauli. Kulikuwa na video ya taa nyeupe ikicheza juu ya mapaa. "Dada, hiki si cha dunia hii, wallahi." Nikajikuta nimemuuliza, "Ulikuwa umesimama wapi? Nyoosha mkono, kunja ngumi. Taa ilikuwa ngumi ngapi juu ya paa?" Akanitazama akijuta kunipakia. Nilicheka peke yangu mpaka Changamwe. Swali lile si langu, rafiki yangu. Ni la mpangaji wetu, limenikaa kinywani tangu utotoni.

Tulikaa nyumbani kwa bibi, mzaa baba, vyumba vikitazamana uani. Kazi yangu ya jioni ilikuwa kukuna nazi, nimekalia mbuzi, mama akisonga sima na kuungaunga mchicha. Harufu ya tui ilichanganyika na harufu ya mafuta, maana nyuma ya mapaa palikuwa na kiwanda cha kusafisha mafuta, na mnara wake uliwaka moto kileleni siku zote. Tulizaliwa tukaukuta. Hakuna aliyeutazama tena, kama usivyotazama pua yako.

Mimi nilijulikana kama mtoto wa aliyechukuliwa. Nilikuwa bado nanyonya, jioni moja ya masika, mama aliposikia bibi anapiga mayowe nje. Akatoka, akaona mawingu yote mekundu, na bibi kajishika kichwa: "Wamemchukua! Taa imeshuka, imemchukua mwanangu!" Baba hakuonekana tena. Na kwa kuwa hakufa, hakuwekewa matanga. Kila jioni mama alimpakulia chakula chake kwenye sahani, akakifunika kwa kawa, asubuhi akawamwagia kuku. Bibi ndiye aliyeamuru hivyo.

Usidhani hilo lilikuwa jambo dogo. Bila matanga mama hakuwa mjane, na bila kuwa mjane hakuweza kuolewa. Palikuwa na fundi seremala nyumba ya tatu, mtu mpole, aliyekuwa akimtaka waziwazi. Bibi alimjibu mbele ya watu: "Subiri, kaka. Waliomchukua watamrudisha." Mama aliosha, alipika, alimkanda bibi miguu, akazidi kukonda. Nami huko shuleni wenzangu walirusha mawe juu wakisema, "Mwambieni babake ashuke!" Mawe yakirudi, yaliniangukia mimi.

Mpangaji alitoka bara. Alikuwa amestaafu ufundi wa mizani bandarini, shati lake limepigwa pasi hata siku ya kufua. Alipanga chumba cha mwisho, na kazi yake, kwa pesa zake mwenyewe, ilikuwa kuchunguza vitu watu wanavyoviona angani. Akisikia kuna mtu kaona taa Likoni, anapanda feri. Akisikia Kisauni, huyo, na darubini yake begani. Alimuuliza kila shahidi peke yake, kisha akamrudisha pale pale aliposimama, saa ile ile, akamwambia anyooshe mkono. Nyingi zilikuwa ndege zinazotua, au nyota ya Zuhura, au meli iliyorusha fataki ya hatari. Zile zilizomshinda aliziita mayatima, na akizitaja sauti yake ilishuka, utadhani anaongelea wanawe.

"Mimi sitafuti wageni wa sayari," alikuwa akisema, amekasirika. "Natafuta kilichoonekana."

Majirani walimfanya mchezo. Wanawake walimletea uongo ili wanywe chai yake na mahamri. Vijana walipeperusha mifuko ya nailoni yenye mshumaa, wakajificha nyuma ya ukuta wakijiziba midomo. Hakuna aliyemdanganya mpaka mwisho. Alimwambia mtu anyooshe mkono, mara mbili, mara tatu, halafu anacheka taratibu: "Mkono wa mwongo hutangatanga."

Basi mama alimwendea. Nakumbuka alipeleka muhogo wa nazi kwenye bakuli la wageni, mimi nimeshika upindo wa leso yake. "Baba, nichunguzie na yangu," alisema. "Uniambie kafa au hakufa. Nimechoka."

Alingoja masika. Siku mawingu yalipolala chini, jua likizama, alimsimamisha mama pale pale mlangoni. Kiwandani moto ukapanda, kama ulivyopanda mara nyingi, na mawingu yote yakageuka mekundu. "Ndiyo hii?" Mama akanyoosha mkono, haukutikisika. "Ndiyo hii." Kisha akaketi kizingitini, akalia. Miaka yote hiyo, mapaa machache tu kutoka jikoni kwake!

Angeishia hapo, huenda leo ningekuwa na baba wa kambo na kitanda kizuri. Lakini mtu yule hakujua kuishia njiani. Taa haikumchukua mtu, haya, mtu alikwenda wapi? Alishinda Miritini wanakoegesha malori, akiwauliza madereva wazee, mpaka akampata aliyekumbuka.

Sasa sikiliza kanuni yake iliyotuua. Majibu aliyatoa mbele ya wote waliohusika, kwa pamoja. Mama alimsihi, hata akapiga magoti: "Niambie mimi tu." Akakataa. "Ukweli wa mtu mmoja ni umbea, mama." Mtu wa mizani huyo. Kwake yeye hapakuwa na ukweli unaopimwa gizani.

Jumapili, watu walipotoka kanisani, aliwakusanya uani. Fundi seremala alikuja na kanzu mpya, maskini. Mpangaji akaeleza moto, mawingu, kila kitu, watu wakaitikia kwa vichwa. Kisha akasema: "Mume wa mama huyu yuko hai. Jioni ile alipanda lori kwenda bara. Ana mke huko, na watoto. Alisindikizwa barabarani na kifurushi cha viazi vitamu na papa mkavu, na aliyemsindikiza yumo humu uani."

Papa wa bibi alijulikana mtaa mzima.

Bibi hakukana, wala hakulia. Aliinuka polepole akamnyooshea mpangaji kidole. "Mwanamume asiye na mke wala mtoto, kila jioni macho juu. Mnadhani anatafuta nini? Watoto wenu wanaougua ovyo, mnadhani ni mbu?" Lo! Watu wale wale waliokula mahamri yake! Vijana wa mifuko ya nailoni ndio waliotangulia. Darubini ilipigwa ukutani, makaratasi ya mayatima wake yakatiwa mekoni kwetu, na jiwe likampasua juu ya jicho. Alipofika langoni, damu kwenye shati la pasi, alimgeukia mama: "Ile taa ilikuwa moto wa kiwanda. Wasije wakakubadilishia." Mama ndiye aliyemfungulia lango. "Ungenisitiri, baba," alisema. "Ungenisitiri tu."

Fundi seremala hakuja tena. Mke wa mtu sumu, na sasa mama alikuwa mke wa mtu kweli kweli, aliye hai na anuani yake. Kwao hakuwa na wa kumpokea. Jioni ile alipakua kama kawaida, akafunua ile sahani, akaiweka mbele ya bibi. "Kula, mavyaa. Mwanao keshakula kwake." Bibi akala. Kesho yake tena, na mwaka uliofuata tena, maneno yale yale kwa sauti ya upole, mpaka bibi akaishiwa meno, mama akawa anamlisha kwa kijiko. Mungu amrehemu bibi, maana mimi bado sijaweza.

Ndiyo matanga niliyokuwa nayaendea. Na nani nimkute uani, amepewa kiti cha wafiwa? Mzee mwenye upara, na pua yangu. Alikuwa akiwasimulia waombolezaji jinsi taa ilivyomshukia, ikambeba, akajikuta bara hajui alikotoka. Vijana hawakujua. Wazee walijua, wakaitikia kwa vichwa, kwa adabu ya msiba. Nilimtafuta mtu mwenye shati la pasi, ujinga wangu.

Sauti ilitoka upande wa wanawake. Mama alikuwa amesimama, mwiko mkononi.

"Nyoosha mkono," alisema. "Taa ilikuwa wapi?"

Baba akacheka kidogo. Akatazama huku, akatazama kule. Kiwanda kilifungwa zamani, mnara hauwaki, na juu ya mapaa hapana kitu cha kumsaidia. Mkono ulipanda, ukayumba, ukaja ukatulia upande wa uwanja wa ndege.

Mama aliushika mkono ule kwenye kifundo, akaugeuza taratibu mpaka ukaelekea kiwandani, akauachia.

"Mpakulieni," akasema. "Sahani yake iko pale, chini ya kawa."