Siku Guka Alipolia Kama Mbuzi Ndani ya Gari la Zombi

Wacha niseme mimi mwenyewe kabla Salim hajaniharibia hadithi: ni kweli, mimi ndiye nilifanya Guka, babu yangu, mzee wa kanisa, mtu wa kofia na bakora, ashuke kwa gari makalio yakitangulia mbele ya wamama zaidi ya hamsini wa Kiriaini. Mpaka leo nikikutana na mmoja wao sokoni Nyeri ananiita Zombi. Naitika. Nifanyeje?

Ilianza na kitu kidogo sana. Likizo ya Aprili, mvua imeshika, Baba mdogo Muriithi (ndugu ya baba, yule wa kuuza kabeji) aliacha probox yake kwetu Jumatatu akielekea Kerugoya kwa shughuli zake, akaniambia, "Kariuki, Jumamosi ni ruracio yangu. Osha hii gari mpaka nijione uso."

Ruracio ndiyo siku ukoo unapeleka mahari kwa kina msichana, na hii ilikuwa imeahirishwa mara mbili, mara ya kwanza kulikuwa na matanga, mara ya pili gari likazima njiani wakafika wakapata watu wanaosha sufuria. Babake Wanjiku, huyo msichana wa Kiriaini, mwalimu mkuu mstaafu, alikuwa ametuma neno kwamba ya tatu ndiyo ya mwisho: saa saba kamili, na asiyefika akae na mbuzi wake na amsahau msichana.

Hayo yote niliyajua. Lakini pia nilijua kwamba Salim, rafiki yangu wa Form Three ambaye babake anachomelea mageti pale mjini, alikuwa amenicheka muhula mzima, ati zombi wakivamia Nyeri mimi ndiye nitaliwa wa kwanza, sababu kwetu hata ukuta hakuna, ni ua wa miti tu. Nikamwambia mtu mwenye akili hahitaji ukuta, anahitaji gari. Sasa gari si hilo hapo, limeoshwa, linang'aa, na nyuma ya ghala kuna waya wa kukaushia kahawa ambao hauna kazi? Nikaamua tufunike dirisha moja. Moja tu, tuone inakaaje.

Ilikaa vizuri. Hiyo ndiyo ilikuwa shida.

Kufikia Alhamisi madirisha yote yalikuwa na waya, mbele tumefunga fokojembe mbili meno yakiangalia barabara, magurudumu ya mbele yamevaa minyororo ya ng'ombe, milango yote minne imekazwa kwa bolti isifunguke kamwe, na njia ya kuingia ni moja, buti, ambayo ukiwa ndani unaifungua kwa kuvuta kamba ya katani (zombi hajui kamba, hilo tulilijadili kwa kina). Ubavuni tukaandika kwa rangi iliyobaki ya geti: MTALALA NJAA. Halafu Salim, katika kazi ya mwisho ya kipumbavu, akachukua nyundo na kugonga ncha ya kila bolti ikalala bapa.

"Ya nini hiyo?" nikamuuliza.

"Na zombi akikuja na spana?"

Nikaona ana akili sana.

Ijumaa mchana Baba mdogo akarudi. Alizunguka hilo gari mara mbili.

"Hii ni nini?"

"Ni gari yako, Baba mdogo."

"Sijauliza ni ya nani. Nimeuliza hii ni nini."

Alileta spana, akaleta koleo, akaleta baba yangu. Nati zilizunguka tu hapo hapo kama zinatucheka. Mwishowe wakakata shauri: wazee waende na basi dogo la kuazima, probox ije nyuma kabisa na mizigo, soda, unga na mimi, kisha ifichwe kwenye shamba la majani chai kabla ya kufika kwa kina msichana. Asubuhi baba akapita kwa buti na suti yake ya harusi ili aendeshe. Kutoka Nyeri mpaka Othaya alikuwa akinitupia jicho kwenye kioo, na mimi nilikuwa nimelala juu ya kreti za soda nikijifanya kreti.

Tulipoacha lami tu, mvua ikamwagika. Kilima cha mwisho kilikuwa udongo mwekundu kama sabuni, na basi dogo likapanda nusu, likafikiria, likateremka kinyumenyume mpaka katikati ya majani chai, likakaa. Saa sita na nusu. Baba mdogo alisimama kwenye matope na viatu vyake vipya, na nawaambia, sijawahi kuona mtu mzima karibu alie namna hiyo.

Sisi tukawapita polepole. Minyororo ya ng'ombe inauma matope, krap, krap, krap, tunapanda tu.

"Hiyo nyumba ya kuku inapanda?" Guka akauliza kwenye dirisha la basi.

"Inapanda, Guka!"

"Basi simama, mjinga wewe!"

Tulishusha soda na unga hapo kando. Wakaingia kwa buti mmoja mmoja, Guka akakaa mbele na baba, Baba mdogo nyuma na wazee wawili, mimi nikakunjwa mwishoni kabisa. Tukafika saa saba kasoro dakika nane, wamama wakiwa wamesimama kwenye geti wanaimba. Walipotuona, wimbo ukakufa katikati.

"Kariuki, fungua," baba akasema.

Nikavuta kamba. Ikanifuata, yote, ikalala mkononi mwangu kama mkia wa panya.

"Imekatika."

"Fungua kwingine."

"Hakuna kwingine, baba."

Shosho mmoja, bibi mzee wa leso ya njano, akaja, akabandika uso kwenye waya, akamwangalia Guka. "Haiya! Wameleta mbuzi na wamezivalisha kofia!"

Wamama walicheka wakashikana. Nyuma yao mwalimu alikuwa ameinua saa yake. "Mgeni amefika akikanyaga chini," akasema. "Mko na dakika tano."

Si mnajua desturi, wamama hufunga geti na wageni wanabembeleza na zawadi. Siku hiyo shosho aliegemeza mgongo wake kwenye buti. "Mnatupa nini tufungue?"

Unga na soda vilikuwa chini ya kilima. Hatukuwa na kitu.

"Basi kama ni mbuzi, lieni tusikie ni ngapi!"

Baba alikuwa anaangalia usukani. Guka akageuka polepole, akamtazama Baba mdogo, yule mtoto wake wa mwisho, jinsi jasho linamtoka, akavua kofia, akaiweka magotini.

"Meeee," akasema Guka.

Wazee wakamfuata, baba akafuata, na Baba mdogo alilia kwa sauti ambayo mbuzi wa kweli angeionea wivu. Shosho akafungua huku amejishika mbavu. Mimi nikaanguka chini wa kwanza.

"Huyo mtoto hahesabiwi," mwalimu akasema.

Guka akaja kinyumenyume, makalio, halafu koti, halafu mguu mmoja unatafuta ardhi, unatafuta, pah, kwenye matope. Mwalimu akaangalia saa. Mabega yake yakaanza kutikisika.

"Wamefika," akasema, na dakika moja ilikuwa imebaki.

Probox ndiyo ilivuta basi dogo, ndiyo ilipandisha soda, unga na kila mgeni aliyekwama siku hiyo. Na Wanjiku alipoitwa mbele ya wazee aulizwe kama wageni wapokelewe, alisema, "Hizo mbuzi zipokelewe zote. Na hiyo gari mtu asiiguse."

Haijaguswa. Kila Jumapili Wanjiku, sasa mke wa Baba mdogo, anaenda kanisani akipitia buti, na kilemba kichwani.

Mimi nimeapa sitagusa tena gari la mtu kabla ya kuuliza linaenda wapi, na kamba ya katani sitaiamini mpaka nife. Lakini juzi nilimpata Guka amesimama peke yake kando ya probox, anapima mlango wa mbele kwa bakora.

"Hao zombi wako," akaniuliza, "wanakuja lini?"

"Sijui, Guka."

"Basi weka mlango wa wazee."