Zambarau ya Waya

Shiuli Halder alifanya kazi miaka kumi na tisa katika maabara ya hospitali moja mjini Barishal, na katika miaka hiyo yote hospitali haikumnunulia hata kijiti kimoja. Hili lisemwe mwanzo, kwa sababu wakubwa hupenda lisemwe mwisho, au lisisemwe kabisa.

Aliajiriwa kupokea chupa za sampuli dirishani. Kazi yenyewe aliisoma kwa kuchungulia juu ya mabega ya wenye vyeti, kisha akatafuta cheti chake kwa masomo ya jioni. Kipimo alichokipenda kuliko vyote kilikuwa cha oksidesi. Unadondoshea dawa kwenye karatasi ya kuchujia, unachota bakteria kidogo kutoka kwenye sahani walimooteshwa, unawapaka juu ya unyevu ule, unahesabu hadi kumi. Zambarau ikijitokeza kabla ya kumi, bakteria hao wana kimeng'enya kinachotafutwa, na wa kipindupindu wamo katika jamii hiyo. Karatasi ikibaki nyeupe, ni jamii nyingine, wale wa kawaida wa matumboni. Rangi inayokuja baadaye haihesabiwi, kwa kuwa hewa peke yake huipaka dawa ile rangi.

Kulikuwa na mtego mmoja. Kitanzi cha waya cha kuchotea bakteria kilitengenezwa kwa madini hafifu, na waya wa namna hiyo huigeuza dawa kuwa zambarau wenyewe, pasipo bakteria yeyote. Waya wa platini haufanyi hivyo. Maombi ya platini yaliandikwa mara saba na kujibiwa mara sifuri. Kwa hiyo Shiuli alichambua ufagio wa makuti nyumbani kwake, akakata njiti za urefu wa kidole, akazichemsha kwa mvuke na kuziweka katika kopo la biskuti. Hospitali nzima, pamoja na madaktari wake na mihuri yao, ilitegemea ufagio wa mwanamke mmoja.

Ndipo akaja Lamia Tasnim, miaka ishirini na sita, shahada ya chuo kikuu mkononi. Shiuli alimfundisha mpangilio wa meza, mlango wa jokofu unaokwama, mhudumu gani huchanganya chupa. Baada ya miezi mitano Daktari Mokaddes, mkuu wa maabara, akawa anamvutia Lamia kiti. Shiuli hakuwahi kuvutiwa kiti. Alianza kuhesabu mambo madogo: mwandiko wa Lamia uliosifiwa, kicheko chake kilichowafanya wahudumu wachelewe kuondoka, hata jinsi alivyomwita "Didi", yaani dada mkubwa, kwa heshima tamu isiyoacha pa kukasirikia. Hilo la mwisho lilimuuma zaidi.

Msimamizi wa meza ya vipimo, mzee Gaffar, alikuwa anastaafu baada ya Idi. Daktari alimwita Shiuli ofisini.

"Shiuli, wewe ni mtu mzima, utaelewa. Nafasi ya Gaffar inataka mwenye shahada. Utamsaidia Lamia azoee, siyo?"

"Nimeelewa, Daktari."

Jioni ile alibeba kopo lake akaenda nalo nyumbani. Nani angemshtaki? Kopo lake, ufagio wake.

Jumanne asubuhi zilikuwa tayari sahani za sampuli za makarani wanne wa mahakama walioharisha baada ya kula kwenye kibanda kimoja. Lamia alitafuta njiti, akafungua droo mbili.

"Didi, njiti zimeisha?"

"Si unaona hazipo."

"Basi nitatumia waya. Chuoni tulitumia waya tu."

Chuoni walikuwa na platini. Shiuli alilijua hilo, na alijua kwamba hajawahi kumweleza binti yule sababu ya njiti. Akainamia darubini yake. Alimsikia Lamia akihesabu, na kabla ya tano akamsikia akivuta pumzi.

"Didi, hebu njoo uangalie. Hii si zambarau?"

Shiuli alitazama. Zambarau ilikuwa imeanzia pale pale waya ulipogusa, mstari mwembamba kama mkwaruzo.

"Una macho," alisema. "Andika unachokiona."

Lamia aliandika. Dawa ya kuthibitisha ilikuwa imekwisha tangu mwezi uliopita, na majibu ya sampuli zilizopelekwa maabara kuu ya Dhaka yangechukua siku nne. Daktari hakusubiri, alipiga simu manispaa kwamba kipindupindu kinashukiwa. Shiuli alikuwa amepanga kumwona Lamia akiaibika. Badala yake, Alhamisi jina la Lamia lilitoka katika gazeti la mji: mtaalamu kijana aliyegundua hatari mapema. Wahudumu walilibandika gazeti ukutani.

"Didi, umeliona?" mmoja alimchokoza. "Wewe miaka kumi na tisa hata tangazo la kupotea hujatolewa."

Shiuli alicheka pamoja nao, na kicheko kilimkwama kifuani kama mwiba wa samaki.

Akirudi nyumbani alipita langoni mwa mahakama. Kile kibanda kilikuwa cha Jorina, mjane aliyewapikia makarani wali na dengu. Manispaa ilikuwa imekifunga kwa kamba nyekundu, sufuria zimepinduliwa chini na masizi yake. Jorina alikaa kando, na mpita njia mmoja akamwambia mwenzake, bila hata kupunguza sauti, "Usisogee huko, utaondoka na ugonjwa wake."

Ingependeza kusema kwamba Jorina peke yake ndiye aliyemsukuma Shiuli. Jorina alikuwa nusu. Nusu nyingine ilikuwa lile gazeti ukutani.

Jumamosi alirudi na kopo. Alimwita Daktari, akamwita na Lamia, akatoa sahani zile zile jokofuni. Alipaka kwa njiti, akahesabu kwa sauti hadi kumi. Karatasi ilibaki nyeupe. Kisha akachukua waya mtupu, usio na bakteria hata mmoja, akaugusisha kwenye dawa. Zambarau ikaja mara moja.

Daktari alikodoa macho. "Ulijua tangu Jumanne?"

"Nilijua. Kopo nililichukua mimi, makusudi. Na nikaona, nikanyamaza."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu kiti mlimpa yeye."

Daktari alimwambia angojee barua ya onyo. Hakuuliza ni kwa nini jibu la kipindupindu linategemea ufagio, wala maombi saba yalikwenda wapi. Wenye ofisi huwa hawaulizi maswali ambayo majibu yake yamo katika droo zao. Lamia ndiye aliyesema, macho yakiwa na maji lakini sauti imenyooka: "Aliyeandika ni mimi, Daktari. Ilinipasa kujaribu waya mtupu kwanza."

Hata hilo Shiuli alimwonea wivu. Yeye alikuwa amekesha siku mbili akitafuta maneno yake. Binti huyu alikuwa nayo mdomoni.

Walitumwa wote wawili pamoja na karani wa manispaa kwenda kukata ile kamba. Jorina aliwapokea amesimama, mikono kiunoni.

"Nani kati yenu aliandika kwamba nauza kipindupindu?"

Lamia alifungua mdomo. Shiuli akamtangulia, hata katika hatia hakutaka kupitwa.

"Mimi, Khala," alisema, akimwita kama mama mdogo. "Huyu aliandika alichokiona. Mimi nilijua si kweli, nikamwacha."

Jorina alimtazama kuanzia usoni hadi kwenye ndala.

"Sufuria zimelala siku nne. Wewe utazisugua zote, na majivu yapo pale. Wewe mwingine, binti, kaa hapa, umekonda mno. Nikiwasha moto utakula."

Shiuli alikunja pindo la sari, akachuchumaa. Nyuma yake alisikia benchi likivutwa na Lamia akikaribishwa kwa jina la mwanangu. Ule mwiba wa wivu kifuani ukapanda tena, ule ule, haukupungua hata chembe. Akachota majivu, akaendelea kusugua.