Mpasuko Uliopita Shambani kwa Mbaabu

Kazi ya Winrose ni kutazama ardhi kutoka juu. Ofisi yetu ya ramani iko hapa Nchiru, juu ya kinyozi, mkabala na hosteli za wanafunzi wasiojua kwamba redio ina mahali pa kupunguzia sauti. Yeye huketi dirishani na picha zake za setilaiti, na ukimsalimia hukujibu baadaye sana, kama mtu aliyeitwa kutoka ng'ambo ya mto. Nilipoletwa kukaa naye meza kwa meza nilimwona ana maringo. Hana maringo hata kidogo. Alizoea kunyamaza tangu utotoni, na sababu yake niliijua mwaka jana tu.

Mama yake, Ruguru, ni mzaliwa wa Kibugu kule Embu. Aliolewa Meru, upande wa chini wa Kiirua, na mwanamume aliyeitwa Mbaabu. Mbaabu alikuwa akichimba kisima shambani kwake. Jumapili alipumzika, kama Mkristo yeyote wa huko, na shimo likakaa bila mtu. Jumatatu asubuhi mkewe akampelekea uji wa wimbi pale ukingoni. Akaunywa wote, akajifunga kamba kiunoni, akashuka, na hakupanda tena. Walimvuta kwa kamba ile ile akiwa amekufa, hana jeraha wala tone la damu. Ukoo ukatazama shimo, ukatazama kibuyu cha uji, ukachagua kibuyu. Ruguru akarudishwa Kibugu na Winrose mgongoni, akiitwa mke aliyemtilia mumewe sumu.

Huko alichuma majani chai ya watu mpaka binti akamaliza chuo kikuu. Hakuolewa tena. Mwaka jana saratani ilipomshika na madaktari wakaanza kuzungumza kwa upole kupita kiasi, aliomba jambo moja tu, azikwe kando ya Mbaabu. Kwetu mke hulazwa kwa mumewe, na asiyelazwa huko watu hujua kuna neno. Winrose akampigia simu Kiunga, kaka mkubwa wa marehemu baba yake na msemaji wa ukoo.

"Muuaji hazikwi kando ya mtu aliyemuua," Kiunga akasema. "Usinipigie tena na hiyo story."

Simu ilikuwa kwenye spika na nilisikia kila neno. Nilitamani kumrushia mzee yule kiti. Winrose alikata simu, akarudi kwenye picha zake.

Wakati huo tulikuwa na kazi ya kutafuta dalili za jotoardhi, ule mvuke wa chini ya ardhi unaozungusha mitambo ya umeme, katika nchi iliyo kati ya Mlima Kenya na vilima vya Nyambene. Setilaiti haioni chini ya ardhi, watu wasikudanganye. Inaona ngozi tu. Unachukua picha za joto zilizopigwa kabla jua halijachomoza, maana mchana kila mwamba una joto, unatafuta mahali ambapo ardhi imekataa kupoa. Halafu unatafuta mipasuko ya miamba, na mahali ambapo majani yamedhoofika bila sababu, kwa kuwa kwenye mipasuko hiyo joto na gesi hupata njia ya kupanda.

Winrose alipoziweka picha hizo moja juu ya nyingine, utepe mwembamba ukajitokeza, ukatelemka kutoka vilimani na kukata mashamba ya chini ya Kiirua. Akaukuza. Nikamwona ameondoa mkono kwenye kipanya na kuuweka mapajani.

"Ann," akaniita. "Hapo ni kwetu."

Nikamuuliza amejuaje, na yeye alitoka huko hajui hata kutembea vizuri. Ndipo aliponiambia kwamba tangu chuoni amekuwa akilitazama shamba la baba yake kutoka angani, kwa sababu kwa miguu hakuruhusiwa. Alijua paa la Kiunga, mti wa mpakani, na doa jeupe ambalo ni saruji ya kaburi. Nililia, sifichi. Yeye hakulia.

Utepe kwenye skrini hauthibitishi kitu mpaka mtu aende na vipimo. Tulikwenda na barua ya chifu, na Kiunga hakuweza kutufukuza. Ni mzee mrefu mwenye koti zito la kijeshi, na alitufuata hatua kwa hatua kama tumekuja kuiba viazi. Mahali pa kile kisima cha zamani, kilichokwisha kufukiwa, palikuwa na nyasi za manjano. Winrose alisukuma bomba jembamba udongoni, akaunganisha mashine ya kupima gesi. Mashine ikaanza kulia, na haikunyamaza.

"Hiyo inalilia nini?" Kiunga akauliza.

"Gesi, Baba Mkubwa. Ni ile ile inayofanya soda itoe povu. Haina harufu, na ni nzito kuliko hewa. Ukichimba shimo hapa ukaliacha lipumzike, inajaa polepole kama maji. Mtu akishuka, anapumua mara chache tu, anaanguka."

"Likipumzika siku moja?"

"Ndiyo. Kama Jumapili."

Kiunga alivua kofia. Akaiinamia mashine ile, na hasira yangu ikaanza kunitoka bila ruhusa yangu. Alisema kwamba hata vijana waliochimba kaburi la Mbaabu waliumwa na vichwa, mmoja akatapika, na watu wakasema ni laana ya yule mwanamke.

"Tulimfukuza mtoto wa watu bure," akasema. "Mwambie mama yako arudi. Siku yake ikifika, tutamlaza hapo kando ya mume wake. Mimi mwenyewe nitachimba."

Nilimshika Winrose mkono kwa furaha. Akauchomoa. Akaenda mpaka kwenye kaburi, akasukuma bomba tena, na mashine ikalia kwa nguvu kuliko pale kisimani.

"Baba Mkubwa," akasema, "hapa hapachimbwi tena. Hata kaburi."

Nilimchukia kwa dakika hiyo, na sioni haya kusema. Nilimvuta pembeni nikamwambia anyamaze. Mzee amekubali, mama anakufa, nani atamuuliza kuhusu kifaa chake?

"Mtu atashuka humo, Ann," akasema. "Na mimi ninajua."

Kiunga alikwea gari letu bila kualikwa, tukaenda Kibugu pamoja naye. Ruguru alikuwa ameketishwa kitandani, shali mabegani, mwembamba mpaka unaogopa kumkumbatia. Alimtambua shemeji yake kabla hajavuka mlango. Yule mzee mrefu akapiga magoti kwenye sakafu ya udongo.

"Mama Winrose, tulikukosea. Hukumuua ndugu yangu. Ni hewa mbaya ya lile shimo. Huyu binti yako ametuonyesha, ametupimia tukaona."

Ruguru alimgeukia Winrose. 

"Kwa hivyo unga ulikuwa mzuri?"

"Unga gani, mami?"

"Wa ule uji. Wimbi ilikuwa imekaa kwa gunia siku mingi. Nikifikiria sana, nasema labda ilioza. Labda wanasema ukweli, na ni mimi tu sijui."

Tulidhani miaka yote hiyo amebeba uongo wa watu tu. Kumbe naye alikuwa akijishuku, kila siku, kwenye mistari ya chai. Winrose aliweka uso wake kwenye magoti ya mama yake na kusema unga ulikuwa mzuri, mami, ulikuwa mzuri kabisa. Hapo ndipo nilipomwona akilia kwa mara ya kwanza.

Kisha akamweleza habari ya kaburi. Kiunga akamkatiza haraka.

"Tunaweza kuchimba chapchap, asubuhi, upepo ukiwa mwingi. Vijana wako. Tutajaribu."

"Winrose," mama akasema. "Inawezekana?"

Chumba kizima kilimngoja. Ningekuwa mimi ningesema ndiyo, Mungu anisamehe.

"Hapana, mami. Wanaweza kufa."

Ruguru alifumba macho. Machozi yakashuka pande zote mbili, polepole, na hakuyafuta. Alimtaka mume wake, si shamba wala jina jema.

"Nilimwita pale juu ya shimo," akamwambia Kiunga. "Nikamwita, nikamwita, nikafikiri ananinyamazia. Baba Mutwiri, sitaki mke wa mtu asimame pale akiita hivyo kwa sababu yangu. Mtanizika hapa."

Tulimzika Kibugu, kwenye ukingo wa majani chai, mvua ikiwa nyepesi. Ukoo mzima ulikuja kutoka Kiirua, na mchungaji alimtaja kama Ruguru, mke wa Mbaabu, bila mtu kuguna. Kiunga alitimiza neno lake. Alichimba yeye na Mutwiri mwanawe, na vijana wengine wakapokezana. Wanawake walimwita Winrose aje ndani akae na wageni. Hakwenda. Alibaki amesimama juu ya shimo akiwasemesha waliomo, akitaka kila mmoja amjibu, mpaka mtu wa mwisho alipotoka.